Baada ya "Greatest Hits" ya Queen, fuata jina la mtunzi

Mhariri,

Swali la wiki hii lilikuwa hivi: mtu anayo "Greatest Hits" ya Queen, ule mkusanyiko wa 1981 wa vibao vya bendi hiyo ya roki ya Uingereza, ameshaukariri wote, na sasa anataka albamu tatu za kuendelea nazo. Bendi ilitoa albamu 15 za studio. Aanzie ipi?

Aanze na "Sheer Heart Attack" ya 1974, afuatishe "A Night at the Opera" ya 1975, na ya tatu aichague kwa kutazama ni nani aliyetunga wimbo anaoupenda kuliko zote. Hilo la mtunzi ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, maana wengi hupotea hapo. Wengine huchukua albamu kwa mpangilio wa miaka, wakachoka kabla ya kufika ya tatu. Wengine hufuata majina ya vibao, wakajikuta wamenunua mara ya pili nyimbo walizo nazo tayari.

Tuanze na hesabu, kwa sababu inaokoa pesa na bando. Toleo la Uingereza la "Greatest Hits" lina nyimbo 17. Linafunguliwa na "Bohemian Rhapsody" na kufungwa na "We Are the Champions". Angalia kwanza kama lako ndilo hilo, kwa kuwa orodha ilibadilishwa nchi na nchi. Toleo la Marekani la mwaka huohuo lilikuwa na nyimbo 14. Katika hizo 17, nne zimetoka albamu moja tu, "The Game" ya 1980, yenye nyimbo 10. Ukiichukua "The Game" leo unapata sita mpya. "A Day at the Races" (1976) itakupa nane, "News of the World" (1977) tisa, "Queen II" na "A Night at the Opera" kumi kila moja, na "Jazz" (1978) kumi pia. "Sheer Heart Attack" inakupa 11 kati ya 13. Albamu ya kwanza kabisa, ya 1973, haina hata wimbo mmoja kwenye mkusanyiko.

Kama mkusanyiko wako ni "Greatest Hits II" wa 1991, hesabu inageuka. "The Works", "A Kind of Magic", "The Miracle" na "Innuendo" zimechangia nyimbo nne kila moja. "The Works" ina nyimbo tisa tu, kwa hiyo karibu nusu yake unayo tayari. "Innuendo" ina 12, zinabaki nane. Katika hizo nne, hiyo ndiyo yenye faida kubwa zaidi, na kwa masikio yangu ndiyo bora pia.

Sasa twende kwa watunzi. Bendi nyingi za roki zilikuwa na mtunzi mmoja au wawili, wengine wakipiga vyombo tu. Queen walikuwa wanne na wote wanne walitunga: Freddie Mercury mwimbaji, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa dramu na John Deacon wa besi. Kwa miaka mingi kila wimbo uliandikwa jina la aliyeutunga. Ukiipanga ile "Greatest Hits" kwa majina, Mercury ana nyimbo kumi, May tano, Deacon mbili, na Taylor hana hata mmoja. Maana yake, anayeijua Queen kwa mkusanyiko huo peke yake anaijua zaidi Queen ya Mercury. Roger Taylor, ambaye baadaye alitunga "Radio Ga Ga", bado hajamsikia kabisa kama mtunzi.

Ndiyo sababu naiweka "Sheer Heart Attack" mbele. Ni albamu yao ya kwanza ambayo wote wanne wametunga. Deacon anaingia hapo na wimbo mfupi mchangamfu, "Misfire". Albamu nzima ina kama dakika 39 na nyimbo nyingi ni fupi, kwa hiyo usipopenda mmoja, mwingine uko mlangoni. Inafunguliwa na "Brighton Rock" ya May, na katikati yake gitaa linabaki peke yake likijibizana na mwangwi wake: anapiga sauti, mashine ya mwangwi inairudisha kwa kuchelewa, naye anapiga sauti ya pili inayopatana na ile iliyorudi. Kisha "Killer Queen" unayoijua. Baada yake zinakuja nyimbo tatu zilizounganishwa bila pengo: "Tenement Funster" ya Taylor, kisha "Flick of the Wrist" na "Lily of the Valley" za Mercury. Ukitaka kujua mapema kama wewe ni mtu wa Queen au ni mtu wa vibao tu, sikiliza hizo tatu kwa mfuatano.

Hapa ndipo simu huharibu kazi. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Zima pia mpangilio ule unaofifisha mwisho wa wimbo mmoja juu ya mwanzo wa mwingine, kwa sababu katika albamu za 1974 na 1975 viungo vya nyimbo vilitengenezwa kwa makusudi studio, na programu ikiongeza chake juu yake unasikia kelele. Tumia hedifoni zenye masikio mawili yanayofanya kazi. Katika "Now I'm Here" sauti ya Mercury inaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwenye spika moja ya simu mchezo huo unapotea wote. Jambo la mwisho, ujue albamu inaishia wapi. Matoleo ya 2011 yenye diski mbili huongeza nyimbo za jukwaani na za redio mwishoni. "Sheer Heart Attack" inaisha kwenye wimbo wa 13, "In the Lap of the Gods... Revisited". Ukisikia kinachofuata, hiyo ni nyongeza.

Na tahadhari moja ya jina: wimbo unaoitwa "Sheer Heart Attack" haumo ndani ya albamu hiyo. Umo kwenye "News of the World", miaka mitatu baadaye, na ni wa Taylor.

Kwa nini "A Night at the Opera" isiwe ya kwanza, ikiwa ndiyo yenye "Bohemian Rhapsody"? Kwa sababu hiyohiyo. Anayeingia akitarajia albamu nzima ya mambo kama yale anakutana na wimbo wa hasira dhidi ya meneja wa zamani, halafu kipande cha dakika moja na kidogo cha mtindo wa kumbi za burudani za zamani za Waingereza, halafu Taylor akiimba mapenzi yake kwa gari. Asiyezoea tabia yao ya kubadili nguo kila baada ya wimbo anaona vurugu. Ukishapita kwenye "Sheer Heart Attack" unaona ni utaratibu wao.

Igawe mara mbili kama ilivyokuwa kwenye santuri. Upande wa kwanza una nyimbo saba na unaishia "Seaside Rendezvous". Pumzika. Upande wa pili unaanza na "The Prophet's Song" ya May, zaidi ya dakika nane, na wengi huachia hapo. Usiuruke. Katikati vyombo vinanyamaza na Mercury anabaki akiimba na mwangwi wa sauti yake mwenyewe, kushoto, katikati na kulia, kila mstari ukiingia kabla ule wa kwanza haujaisha. Mwisho wake unamwagikia moja kwa moja kwenye "Love of My Life", na kama hukuusikia mrefu, huo mfupi unaanza bila kichwa. Kisha katika "Good Company" kile unachodhani ni bendi ya matarumbeta na filimbi ni gitaa la May, sauti moja moja zimerekodiwa na kupangwa. Gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake nyumbani, shingo yake ikiwa ya mbao za jiko la kuotea moto. Mpaka "The Game" ilipotoka, bendi ilikuwa ikijivunia kwenye majalada ya albamu kwamba hawakutumia sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti.

Ya tatu sasa. Tazama wimbo wako wa roho.

Kama ni wa Mercury, na hasa kama ni "Killer Queen", "Bohemian Rhapsody" au "Seven Seas of Rhye", nenda "Queen II" ya Machi 1974. Santuri hiyo haikuwa na upande wa A na B, ilikuwa na upande Mweupe na upande Mweusi. Mweusi ni nyimbo sita, zote za Mercury, zimeshonwa pamoja, na "The March of the Black Queen" ndani yake inasikika wazi kuwa ndugu mkubwa wa "Bohemian Rhapsody". Wimbo mmoja umetokana na mchoro wa Richard Dadd ulioko makumbusho ya Tate, London. Kuuangalia mchoro kabla ya kusikiliza kunasaidia, kwa sababu maneno yanataja watu waliochorwa mmoja baada ya mwingine. Upande Mweupe ni wa May, isipokuwa wimbo mmoja wa Taylor mwishoni, na unaenda polepole. Ukikwama huko, anza na Mweusi. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Kama ni "We Will Rock You" au gitaa la May kwa jumla, chukua "News of the World". Ina "It's Late", zaidi ya dakika sita, na humo unasikia jinsi May alivyojua kujenga wimbo wa roki ulionyooka. Albamu hiyo ina sauti kavu, vyombo vichache, kwaya chache. Anayeona Queen wana mapambo mengi mno ataipenda.

Mpenzi wa Deacon, yaani wa "Another One Bites the Dust" na "You're My Best Friend", naye aende hukohuko kwa ajili ya "Spread Your Wings" na "Who Needs You", halafu "The Game". Akimaliza ndipo ajaribu "Hot Space" ya 1982. Hiyo ni albamu ambayo wapenzi wa gitaa huikimbia: upande wa kwanza ni muziki wa kucheza, besi ya sintesaiza, tarumbeta. Kwa mtu wa Deacon, "Back Chat" peke yake inalipa. Mtu wa "Tie Your Mother Down", wimbo wa gitaa zito, ataniona nimemdhulumu.

Aliyevutwa na "Radio Ga Ga" asikimbilie "The Works" nzima. Amtafute Taylor wa zamani kwanza. "Drowse" kwenye "A Day at the Races" ni wimbo wa uvivu wa mchana ambao hauna mfano katika kazi zao nyingine.

Njia ya majina inafika mwisho mwaka 1989. Kuanzia "The Miracle" walikubaliana nyimbo ziandikwe jina la bendi. Kwa "Innuendo" ya Februari 1991, basi, chagua kwa sauti: ni Mercury mgonjwa, anayeimba kwa nguvu ambayo mwili haukuwa nayo tena, alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huohuo. Wimbo wenye jina la albamu una gitaa la Kihispania la Steve Howe wa bendi ya Yes. Ukitaka santuri, angalia kwa makini: toleo la 1991 lilifupisha nyimbo kadhaa ili zienee kwenye diski moja. CD ina nyimbo kamili, na toleo la santuri mbili la 2015 pia.

Neno kwa wasomaji wa Zanzibar na pwani kwa jumla, ambao huingia Queen kwa sababu Mercury, Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Hakuna albamu yenye taarabu ndani. Kilicho karibu ni "Mustapha", wimbo unaofungua "Jazz", wenye salamu za Kiislamu na maneno mengi yaliyobuniwa kwa ajili ya mlio tu. Unafurahisha. Lakini usiinunue "Jazz" kwa ajili yake. Ni albamu yenye nyimbo nzuri na dramu zilizorekodiwa nyembamba.

Albamu ya kwanza, ya 1973, iache iwe ya nne au ya tano, na uchague toleo. Ilirekodiwa studio za Trident, London, kwa saa ambazo wateja wenye pesa hawakuwapo, na sauti ya dramu haikuwaridhisha wenyewe. Mwaka 2024 waliichanganya upya kwa jina "Queen I" na kurudisha "Mad the Swine", wimbo ulioachwa nje. Kwa anayeanza, hilo jipya linasikilizika zaidi.

"Flash Gordon" ni muziki wa filamu, vipande vifupi vyenye mazungumzo ya waigizaji, weka mwisho. Na upande wa jukwaani epuka "Live Magic" ya 1986, ambako nyimbo zilikatwa mpaka "Bohemian Rhapsody" ikabaki bila sehemu ya opera. Chukua "A Night at the Odeon", onyesho la mkesha wa Krismasi 1975 pale Hammersmith, lililotolewa rasmi 2015: nyimbo kadhaa za albamu zote mbili nilizotaja mwanzo zimo humo, zikipigwa na watu wanne tu.