Maswali ya Wasomaji: Tovuti zetu za Mbaraka Mwinshehe zimeanza kuachana

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi ni wapenzi watano wa marehemu Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki na mpiga gitaa, wawili tuko Moro, mmoja Dar, mmoja Mombasa na mwenzetu mwingine yuko Uingereza, kila mtu ana tovuti yake, kuna ya maneno ya nyimbo, kuna ya picha za sahani za santuri, kuna ya historia ya bendi zake, Morogoro Jazz na Super Volcano. Tuliziunganisha zote kwa linki na watu walikuwa wanatembea toka hii kwenda ile vizuri tu. Sasa ukibonyeza linki ya mwenzetu mmoja unaangukia kwenye matangazo ya kubeti, mwingine kahama anwani hakusema, na kwenye grupu la WhatsApp kila siku ni ugomvi nani kakopi kwa nani. Tufunge zote tufungue moja kubwa au tufanyeje?
Mpenzi wa Gitaa, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwanza naomba msifunge hata moja. Tovuti moja kubwa ina mwenye nayo mmoja na bili moja, siku akiumwa au akichoka vyote vinaondoka kwa mpigo. GeoCities, huduma ya bure ya kutengenezea tovuti, ilipofungwa mwaka 2009 zilizimika kurasa chungu nzima ambazo wapenzi wa muziki walikuwa wamezijenga kwa mikono yao, na zilizobaki ni zile tu ambazo kuna mtu alizitolea kopi mapema. Halafu nyie kukaa mbalimbali ni mali, huyo wa Mombasa yuko kwenye mji ambao Mbaraka alipatia ajali na kufariki Januari 1979, anaweza kukaa na wazee waliocheza dansi lake kule, na nyie wa Moro mko palepale alipoanzia.

Shida yenu iko kwenye namna mlivyojiunga. Nahisi kila mmoja kaweka linki ya jirani yake, si ndiyo? Zamani, miaka ya 90, wapenzi wa wasanii walikuwa na miduara ya tovuti, chini ya kila ukurasa unakuta vitufe vya iliyotangulia, inayofuata na yoyote ile, unazunguka mpaka unarudi ulikoanzia. Iliyodumu ni ile ambayo vitufe vyake havikwenda kwa jirani moja kwa moja, vilipita kwanza kwenye orodha moja ya katikati, kwa hiyo mmoja akizimika unamfuta kwenye orodha na mduara unajifunga wenyewe, hamna mtu anayehitaji kugusa tovuti yake. Fanyeni hivyohivyo, orodha fupi ya majina matano na anwani zake, na akihama mtu anabadilisha pale tu. Ila paswedi ya orodha washike watu wawili au watatu na kila tovuti iwe na kopi yake, nasema hivi kwa uchungu kwa sababu sisi tulikuwa na mduara wetu wa wapenzi wa taarab, kiongozi akapoteza simu, paswedi ilikuwa humo na hakuna mwingine aliyekuwa nayo, tukakaa miezi minane tunaangalia linki zilizokufa na watu wakatuzoea hivyo, wakaacha kuja.

Huyo wa matangazo ya kubeti msimhukumu. Domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, unapanga tu kwa mwaka, usipolipia inarudi sokoni na hao jamaa wanazisaka zile zenye linki nyingi za zamani kwa sababu bado zinaleta watu. Mpigieni simu, mpigieni kabisa, msimuulizie kwenye grupu mbele ya wote, huenda ana mgonjwa au msiba. Akikubali mumsaidie, ingieni Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kopi za kurasa za zamani za mtandao, mkaandike ile anwani yake ya zamani, kama kurasa zilihifadhiwa mtaziona kwa tarehe na mtaokoa maandishi, na pengine hata picha.

Sasa hili la kukopiana. Kwamba Mbaraka alizaliwa 1944, kwamba Morogoro Jazz walikwenda Japani kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 kule Osaka, kwamba 1973 alitoka akaunda Super Volcano, hayo hayana mwenyewe, yaandikeni vizuri kwenye tovuti ya historia na wengine wote waweke linki pale badala ya kila mtu kuandika upya na kukosea kivyake. Lakini picha ya lebo uliyopiga mwenyewe, mazungumzo uliyofanya na mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye madansi yao, lile ni jasho la mtu. Ukilitumia omba kwanza, taja jina na weka linki inayokwenda kwenye ukurasa wenyewe, usimpeleke msomaji mlangoni halafu ahangaike kutafuta.

Na naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu nadhani ndipo nusu ya ugomvi wenu ulipo. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani, bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na wakitaka sahani ya kuuza wanafunga safari mpaka Nairobi. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi mbili, ya RTD na ya sahani, na maneno yakapishana, gitaa likapishana, mmoja wenu kaandika alichosikia redioni mwingine kaandika alichosikia kwenye santuri ya baba yake, mnaitana waongo na wote mko sahihi! Kila wimbo uandikieni umesikika wapi, RTD au sahani, namba iliyo kwenye lebo, upande gani, na bendi ipi, maana watu wanachanganya sana nyimbo za Morogoro Jazz na za Super Volcano, hasa waliomjua kupitia zile albamu za Ukumbusho zilizotoka Kenya baada ya kifo chake. Jina nalo, wengine wanaandika Mwinshehe wengine Mwishehe, chagueni moja mlitumie wote, lile lingine litajeni mara moja kwenye kila tovuti ili anayetafuta kwa tahajia hiyo naye awafikie.

SWALI LA PILI (huyuhuyu): Tunaweza kuweka nyimbo zenyewe watu wasikilize?

JIBU: Bila ruhusa hapana. Sheria ya hakimiliki yetu inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kufariki, kwa Mbaraka inafika mwisho wa 2029, na rekodi yenyewe ina haki zake za pembeni ambazo ni za aliyeitoa. Najua utaumia kusikia hili lakini maneno ya wimbo mzima nayo ni kazi yake, kwa hiyo ile tovuti ya maneno ndiyo ianze kutafuta ruhusa, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, waulizeni na itafuteni familia, familia ikijua mnachofanya inaweza hata kuwapa picha ambazo hamjawahi kuziona. Mkisubiri, andikeni wimbo unazungumzia nini na gitaa linaingiaje, kisha linki ya pale unapouzwa au kusikilizwa kihalali.

SWALI LA TATU: Mmoja wetu anataka kuweka matangazo, wengine hatutaki.

JIBU: Kwenye tovuti yake aweke, ni ya kwake. Kwenye orodha ya katikati msiweke. Na kama kuna hela kidogo inaingia basi ilipie domeni za wote siku moja, chagueni Januari, mwezi aliofariki Mbaraka, siku hiyohiyo mkae mbonyeze linki zote moja baada ya nyingine muone zipi zimekufa. Ila ile ya kubeti msiisubirishe mpaka Januari, itoeni leo.