Ile ũ ya Wanjikũ unaitoa wapi kwa kibodi?

Kama unachapia watu kazi kwa saiba huku Kiambu ama Murang'a hilo swali utakutana nalo tu, mi nilikutana nalo kwa mzee mmoja ameshika programu ya mazishi ya mkewe, kopi mia mbili zishatoka kwa printa, akaniambia kijana, huyu mmeandika hapa simjui. Nilikuwa nimeweka u ya kawaida, na penye nilijaribu ujanja nikaweka û, ile ya kofia ya Kifaransa. Nikazirudia zote kwa pesa yangu.

Na si mapambo. Kikuyu kina vokali saba, kibodi ina tano, hizo mbili zilizobaki ndio ĩ na ũ. Kũruga ni kupika, kũrũga ni kuruka, sasa wewe andika kwa kadi ya harusi kina mama waje mapema kuruka.

Kwa Word andika 0169 halafu shika Alt ubonyeze X, hizo namba zinageuka ũ hapo hapo. 0129 ni ĩ, na zile kubwa ni 0168 na 0128. Mimi zilikuwa kwa karatasi nimebandika chini ya skrini. Lakini chunga jina kama Mbũgua, ukiandika Mb0169 Word inachukua hiyo b kama sehemu ya namba, maana hizo namba hutumia herufi a mpaka f pia, inakutolea kitu haieleweki. Hapo chagua 0169 peke yake na mausi kwanza ndio ubonyeze.

Kama ni kazi ya kila siku ingia Insert, Symbol, More Symbols, chagua herufi, halafu Shortcut Key uipe kila moja kitufe chake, mi ũ yangu ni Alt na U, sikumbuki tena namba. Majina yanayorudi rudi nimeyaweka kwa AutoCorrect, naandika njuguna inatoka Njũgũna.

Fonti nazo! Zile za kujikunjakunja za harusi nyingi hazina ũ kabisa, Word inaiazima kwa fonti ingine, unapata Wanjik imejikunja vizuri halafu ũ imesimama wima kama askari wa geti. Jaribu hiyo herufi moja kabla hujapanga kadi yote, Times New Roman na Arial wanayo.

Na kama umekopi jina kutoka intaneti, weka kasa (cursor) baada tu ya ũ ubonyeze Backspace mara moja. Kile kiwimbi cha juu kikitoka u ikabaki, hizo ni herufi mbili zimebebana, ifute uandike upya, la sivyo siku utatafuta hilo jina kwa faili Word itakwambia halipo na wewe unaliona.