Maswali ya Wasomaji: Je, nyota za jangwani ni nyingi kuliko za Moshi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Majengo, Moshi. Binti yangu anaishi Las Vegas, Marekani, na hivi karibuni alinitumia picha alizopiga katika hifadhi ya taifa iitwayo Death Valley. Za mchana zinaonyesha chumvi na mawe matupu, hata kichaka cha kumfichia sungura hakuna. Za usiku zinaonyesha mbingu iliyojaa nyota kama mtu aliyemwaga unga sakafuni. Anasema kwetu hakuna nyota kama hizo, na anataka niende Julai nikajionee. Je, ni kweli kwamba wenzetu wamejaliwa nyota nyingi kuliko sisi? Na ni uzuri gani huo wa mahali palipokufa?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Aliyoyasema binti yako ni kweli nusu, na nusu ya pili ningependa umsomee mwenyewe.

Nyota anazoziona mtu hutegemea kwanza mahali aliposimama katika mgongo wa dunia. Death Valley iko kaskazini ya ikweta kwa takriban digrii 36, ilhali Moshi iko kusini yake kwa digrii 3 na kitu tu. Kwa kuwa tumekaa karibu na ikweta, anga la kaskazini na la kusini, karibu lote, hutupitia katika mzunguko wa mwaka. Binti yako, hata akikesha jangwani miezi kumi na miwili, hatauona Msalaba wa Kusini, kwa sababu huko hauchomozi kabisa. Yeye kwa upande wake anayo Nyota ya Kaskazini, iliyotulia mahali pamoja usiku kucha, ambayo kwetu haionekani. Na ule ukanda wa nuru uitwao Njia Nyeupe, ambao ndio uliojaza picha zake, kitovu chake hupanda Moshi hadi digrii zipatazo 64 kutoka upeo wa macho, wakati Death Valley huishia digrii 25 hivi, kikichungulia juu ya milima. Kwa kiti, mwalimu, wewe ndiye uliyekaa mbele.

Kinachokuziba ni taa, na wingu la Julai linaloukalia mlima kama kilemba. Jangwani hewa ni kavu, mawingu ni machache, na vijiji viko mbalimbali mno. Mwaka 2013 chama cha kimataifa kinachotetea giza la usiku kiliitambua Death Valley kuwa hifadhi ya anga la giza, katika daraja la juu kabisa la wakati huo, na sehemu ya kazi iliyofanyika ilikuwa kuzirekebisha taa za majengo ziangaze chini badala ya kumulika mbinguni. Hata hivyo, anayesimama humo usiku huona weupe hafifu upande mmoja wa upeo wa macho, na weupe huo ni taa za Las Vegas, mji uleule anaokaa binti yako, ulioko mwendo wa saa mbili hivi kwa gari.

Giza la namna hiyo tunalo hata sisi. Tuliwahi kupata pancha usiku kati ya Engaruka na Engaresero, tukiwa njiani kwenda Ziwa Natron, na baada ya kufunga gurudumu la akiba dereva akazima taa ili apumzike kidogo. Mwanzoni sikuona kitu. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na kila aliyewasha simu kutazama saa aliturudisha mwanzo. Lakini mwenzetu wa mwisho alipoitia simu yake mfukoni, Njia Nyeupe ilikuwa imetanda juu yetu hadi nikaona umbo la mlima Ol Doinyo Lengai kwa sababu tu ulikuwa umezifunika nyota zilizo nyuma yake. Wewe huna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Nyika za Same, upande wa Mkomazi, zinatosha, mradi iwe siku za mwezi mwandamo.

Ama kuhusu mahali palipokufa, nadhani jina ndilo lililokupoteza. Maana yake ni Bonde la Mauti, na lilitolewa na watafuta dhahabu waliopotea humo majira ya baridi ya mwaka 1849 kuamkia 1850. Wageni, kwa maneno mengine, ambao hawakujua visima viliko. Watu wa kabila la Timbisha Shoshone walikuwa wakiishi humo tangu zamani na bado wanaishi, na mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudishia sehemu ya ardhi yao.

Uzuri wake ni wa mifupa. Kwetu mlima umevaa migomba na misitu, na mtu anaweza kuzaliwa Kibosho akazeeka bila kuliona jiwe lililoubeba. Kule dunia imevuliwa nguo zote. Mahali paitwapo Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, chumvi imetandaa hadi macho yanachoka, nayo imepasuka vipande vyenye pembe tano au sita ambavyo kingo zake zimenyanyuka kama ukoko wa wali unaobanduka kwenye sufuria. Ukiinua macho hapo hapo unaona kilele cha Telescope, chenye urefu wa mita 3,368, ambacho wakati wa baridi huvaa theluji. Mbele kidogo kuna vilima vyenye rangi nyekundu, kijani na zambarau, na hakuna jani hata moja lililochangia rangi hizo: ni madini tu, wekundu ukitokana na kutu ya chuma.

Usiende Julai, mwalimu. Wastani wa joto la mchana mwezi huo ni nyuzi 47 hivi, na hata usiku mwamba hurudisha moto ulioumeza mchana. Mwambie binti yako akualike mwezi Machi, mwezi usipokuwepo angani, kisha mwamke saa kumi alfajiri, wakati kitovu cha Njia Nyeupe kinapanda kusini-mashariki. Ukishindwa kusafiri, tazameni Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, kila mmoja kwake. Ni kilekile ambacho wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Desemba kinaonekana kote kuwili, na yeye atakiona saa kumi na moja hivi baada yako.

SWALI: Mimi ni dereva wa watalii, Sakina, Arusha. Mgeni mmoja aliniambia kwamba bonde hilo liko chini kuliko bahari na kwamba liliwahi kufikia nyuzi 56. Kama liko chini ya bahari, mbona halijajaa maji?

JIBU: Ndugu yangu, jibu unalipita kila unapowapeleka wageni upande wa Longido. Upepo wenye unyevu hupanda mlima, hupoa, humwaga mvua upande ulioutangulia, kisha hushuka upande wa pili ukiwa mtupu. Ndiyo maana Machame kunalowa, na nyuma ya Kilimanjaro mifugo inatafuta maji. Upepo utokao Bahari ya Pasifiki hupita safu nne za milima kabla ya kufika Death Valley, na hadi hapo mvua inayobaki haifiki, kwa wastani, milimita 60 kwa mwaka. Maji kidogo yanayoingia hayana pa kutokea, hivyo hukauka na kuacha chumvi, kama yanavyoacha magadi Ziwa Natron. Zama za barafu bonde lilikuwa ziwa kweli, na Agosti 2023, mabaki ya kimbunga Hilary yalipomwaga mvua ya mwaka mzima kwa siku moja, maji yalirudi Badwater yakakaa kwa miezi.

Kiwango alichokutajia mgeni ni nyuzi 56.7, kilichoandikwa humo bondeni, mahali paitwapo Furnace Creek, tarehe 10 Julai 1913, nacho ndicho rekodi rasmi ya dunia, ingawa wapo wataalamu wanaokitilia shaka. Sababu ni umbo la bonde: hewa ya moto hupanda, huzuiwa na milima, hushuka tena, na kila inaposhuka hubanwa na kuongeza joto, takriban nyuzi moja kwa kila mita 100. Ni kama kushuka kutoka Kibo, ila huku ukishafika chini bado unaendelea kushuka.

SWALI: Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Usa River: Je, ni kweli huko Death Valley kuna mawe yanayotembea yenyewe?

JIBU: Yanatembea, mwanangu, lakini si yenyewe. Katika uwanda wa tope kavu uitwao Racetrack kuna mawe, mengine yenye mamia ya kilo, yaliyoacha nyuma yake mifereji mirefu bila alama ya mtu wala mnyama. Watu walibishana kwa miongo mingi, hadi Desemba 2013, watafiti Richard Norris na binamu yake James walipoyashuhudia yakienda. Mvua huacha maji ya kina kifupi. Usiku wa baridi, anga likiwa jeupe na kavu, joto la ardhi hupotelea juu bila wingu la kulizuia, na juu ya maji hutanda barafu nyembamba kama kioo cha dirisha. Jua likichomoza, barafu hukatika mapande makubwa, upepo mdogo tu huyasukuma, nayo huyasukuma mawe juu ya tope laini, mita chache kwa dakika. Kufikia mchana barafu imeyeyuka na maji yametulia, na jiwe limesimama mwisho wa mfereji wake.