"Kali Sana Mkuu" Haitoshi: Maoni Yanayosaidia Kwenye Picha za Infraredi

Ukimwonyesha Mbongo picha ya mandhari atakujibu "kali sana mkuu", "umetisha", au atakuwekea vimoto vitatu. Ukimwonyesha ya infraredi, yaani iliyopigwa kwa mwanga ambao jicho haliuoni na ambamo majani hutoka meupe, atauliza: "Hii theluji ni ya wapi?" Mimi napiga za aina zote mbili na majibu yote mawili yamenichosha, ingawa hilo la theluji lina afadhali. Anayeuliza theluji walau ameiangalia picha.

Huwezi kuitolea maoni ya maana picha ya infraredi kama hujui kipi kimefanywa na mwanga na kipi kimefanywa na mpiga picha. Jicho letu linaona mwanga wa takriban nanomita 400 hadi 700. Sensa ya kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, inaona mbele zaidi ya hapo, ila kiwandani huwekewa kioo cha kuzuia mionzi ya infraredi. Wengine hupeleka kamera kwa fundi kioo hicho kitolewe. Wengine hufunga filta nyeusi ya nanomita 720 mbele ya lenzi, kama Hoya R72, inayozuia karibu mwanga wote tunaouona, wakaiweka kamera kwenye tripodi na kuacha shata (kilango cha kupitisha mwanga) wazi kwa sekunde kadhaa. Majani mabichi huirudisha mionzi hiyo kwa wingi kwa sababu ya muundo wa ndani wa jani, basi mwembe unatoka mweupe pe. Anga lisilo na mawingu linatoka jeusi, na maji vilevile. Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha mandhari za namna hii mwaka 1910, na mpaka leo weupe huo wa majani unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo weupe si jasho lako. Kila mwenye filta ataupata, hata akipiga ua wa nyuma ya choo. Nikiombwa maoni, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuuvua huo weupe kichwani mwangu: majani yangekuwa ya kijani na anga la bluu, hapa kungekuwa na picha? Mara nyingi jibu ni hapana, na hilo ndilo la kumwambia mwenzako, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka. Mibuyu ya bonde la Ruaha, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ni shule nzuri ya jambo hili. Kiangazi haina jani hata moja. Ukiipiga infraredi wakati huo hupati muujiza wowote. Unabaki na shina, matawi na anga, na hapo ndipo inapojulikana nani anajua kupanga picha.

Kuna maoni ya mandhari ambayo watu huyatoa kwa mazoea tu. "Mwanga mkali huu, ungesubiri saa kumi na mbili jioni." Kwa picha ya kawaida, sawa. Kwa infraredi, jua la mchana ndilo linalowasha majani. Jioni utapata kijivu kilicholala. Lakini anayesema hivyo usimfukuze haraka. Huenda kilichomsumbua ni vivuli vifupi vya saa saba, vinavyoifanya ardhi ionekane bapa, na hapo ana haki. Mimi napenda saa tatu na saa nne asubuhi, jua limeshapata nguvu na vivuli bado vina urefu.

Rafiki yangu mmoja alinitumia picha aliyopiga Irente, kule Lushoto, ukingoni mwa mwamba unaotazama Mazinde na mashamba ya mkonge kule chini. Mchana bonde lile hujaa utusitusi wa vumbi na moshi, na infraredi huupenya. (Ukungu mzito wa matone ya maji haiupenyi, msidanganywe.) Mipaka ya mashamba yote ilionekana, na watu wakamsifu sana kwa ukali wa picha. Mimi nikamwandikia: "Pale uliposimama ulisikia kimo mpaka magotini. Kwenye picha sikisikii. Mazinde inaonekana kama iko hatua mbili nyuma ya mwamba. Ule utusitusi ndio uliokuwa ukituambia umbali, nawe umeuondoa. Una kitu gani kingine cha kutuambia?" Alikaa kimya kidogo. Baadaye akanitumia nyingine: mwamba umeingia mbele upande wa kulia, na juu yake mtu amesimama, mdogo kama punje ya mtama. Kimo kikarudi. Sikumwambia aweke mtu. Nilimwambia nilichokikosa, mengine akayatafuta mwenyewe.

Ukosoaji wangu wote unafuata njia hiyo. Nasema ninachokiona, nasema jicho langu limekwama wapi, kisha nauliza. "Ulitaka nianze kutazama wapi?" ni swali ambalo unaweza kumwuliza hata mzee aliyeanza kupiga picha kabla hujazaliwa, baada ya shikamoo, na hutaonekana umekosa adabu. "Ningekuwa mimi ningepunguza anga" ni kauli ya mtu anayetaka kupiga picha yake kwa kamera ya mwenzake. Na kabla ya yote uliza: dada, unataka maoni au unanionyesha tu? Anayekuonyesha tu, mwambie hongera na mwendelee na chai.

Makosa ya kiufundi hayana haja ya unyenyekevu wote huo. Duara la weupe katikati ya picha, ambalo wasiojua hulisifia kama mwanga wa mbinguni, kwa kawaida ni la lenzi. Lenzi nyingi nzuri kwa picha za kawaida huwa na doa hilo zikitumika kwa infraredi, na hukolea kadiri unavyobana tundu la lenzi (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Mwambie arudie kwa f/5.6 badala ya f/11 aone tofauti. Fokasi, yaani umbali ambao lenzi inautoa ukiwa mkali, nayo huhama. Ndiyo maana lenzi za zamani zilikuwa na alama nyekundu ya kusogezea. Mambo haya yaseme moja kwa moja, kwani lenzi haina moyo wa kuvunjika.

Kupokea maoni ni kazi ngumu zaidi. Niliwahi kuwaonyesha watu kadhaa picha ya mashamba ya chai ya Mufindi. Mmoja akasema niongeze kontrasti, mwingine nikate kushoto, wa tatu nibadilishane chaneli (tabaka za rangi za picha) nyekundu na ya bluu ili anga liwe na rangi. Aliyenisaidia kuliko wote ni mpiga picha wa harusi ambaye infraredi haimhusu kabisa. Alisema, "Kaka, huku kushoto jicho linateleza tu, halina pa kushika." Nikagundua hata wale wawili wa kwanza walikuwa wanalalamikia sehemu ileile, ila kila mmoja alikuja na dawa yake. Chai ikitoka nyeupe kote, vijia vyeusi kati ya mistari ndivyo vinavyobeba picha, na kushoto havikuwepo. Dawa zao sikutumia hata moja. Yule aliyetaka anga liwe na rangi nilimshukuru nikaliacha jeusi, maana ndivyo nilivyolitaka.

Watu wakiwamo kwenye mandhari, maoni yanabadilika uzito. Infraredi huifanya ngozi ionekane kama nta, macho yanakuwa meusi, na hata suti nyeusi inaweza kutoka ya kijivu hafifu. Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alipiga vita vya mashariki mwa Kongo kwa Aerochrome, filamu ya infraredi ya rangi ya Kodak, ambayo hutoa majani mekundu au ya waridi badala ya meupe, iliyotumiwa na wanajeshi kugundua adui aliyejificha msituni. Vilima vya Kivu vikatoka vya waridi, na mwaka 2013 kazi hiyo iliiwakilisha Ireland kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia. Wapo waliosema imetulazimisha kuvitazama vita vilivyosahaulika. Wapo waliosema imeyapamba mateso ya watu. Mimi naelekea upande wa kwanza, kwa shingo upande. Ila picha ya aina hiyo, kabla hujawauliza wapiga picha wenzako, mwulize mtu wa pale. Mtu wa Goma ataona kitu ambacho hakuna histogramu (ile grafu ya mwanga ya kamera) itakayokuonyesha.

Ukiomba maoni, usiulize "mnaionaje?" Utavuna vimoto. Uliza jambo moja: "Huu mti wa kushoto unasaidia au unazuia?" Taja filta na saa uliyopiga, basi, halafu nyamaza. Usianze kusimulia ulivyopanda mlima usiku na kung'atwa na siafu, maana watu wataikosoa picha kwa huruma. Na kwa WhatsApp itume kama faili, si kama picha. WhatsApp huibana, na anga jeusi la infraredi ndilo linaloumia kwanza: linafanya michirizi na vipande, halafu mtu anakuandikia aya nzima kuhusu anga ambalo kwenye kompyuta yako halina tatizo lolote.