Pesa ya komini: sehemu yetu katika kodi ya Serikali inapita wapi?

Barua za wasomaji wa Lubumbashi, Kongo, na kandokando yake safari hii zinalilia jambo moja: kodi inalipwa, lakini komini, yaani vitengo vidogo vya mji, hazina kitu. Tumechagua tano.

SWALI: Ndugu wahariri, ninauza mboga sokoni Katuba. Kila asubuhi tunalipa takse, lakini mifereji imeziba na mvua ikinyesha tunasimama ndani ya maji. Tukiuliza ofisini, jibu ni kwamba retrosesioni ya Kinshasa, yaani sehemu yetu ya kodi inayorudishwa, haijafika. Hiyo retrosesioni ni msaada au ni deni? (Mama wa soko, Katuba)

JIBU: Mama, ni haki, tena imeandikwa katika Katiba. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na kwamba sehemu hiyo inakatwa palepale kodi inapokusanywa. Kisha sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikashuka hadi kwenu: katika ile 40 ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komini, na vitengo vya vijijini vinavyoitwa sekta na sheferi. Arobaini ya arobaini ni 16. Kwa hiyo katika kila franka 100 za mapato hayo, 50 ni za serikali kuu, 10 ni za Mfuko wa Taifa wa Kusawazisha uliowekwa na kifungu cha 181, 24 hubaki jimboni, na 16 ni za nyinyi wa chini.

Hiyo ndiyo sheria. Kinachofanyika ni kwamba ushuru wa forodha unaokusanywa na idara ya forodha (DGDA), kodi za idara ya kodi (DGI) na malipo mengine ya Serikali yanayokusanywa na DGRAD yote huingia kwanza katika akaunti ya Hazina ya Serikali. Kukata palepale hakufanyiki inavyotakiwa. Pesa hurudi baadaye, kulingana na hali ya sanduku la Kinshasa mwezi ule, na sanduku likipungua, mishahara na usalama hutangulia. Juu ya hapo, ile 40 inayosomwa katika bajeti huwa imebeba ndani yake mishahara ya watumishi na miradi mikubwa; kinachoshuka jimboni kama pesa ya kutumia ni kipande tu. Jimbo nalo lina madeni yake, na komini iko mwisho wa foleni.

Lakini Mama, takse unayolipa asubuhi haihusiani na Kinshasa hata kidogo. Hayo ni mapato ya hapahapa. Soko likiwa la komini, pesa ni ya komini. Likiwa la mji, ni ya mji. Dai kitansi (risiti) kila siku, uangalie vitu vinne: namba ya mfululizo, jina la takse, kiasi, na muhuri wa ofisi. Karatasi isiyo na namba haiwezi kufuatiliwa na mtu yeyote. Mkiwa wauzaji 20 mkatunza vitansi vya mwezi mmoja, mna hesabu ya kuweka mezani pale mtakapouliza kwa nini mfereji wa soko hauzibuliwi.

SWALI: Pesa ikishafika jimboni, nani anaamua komini ya Kenya ipate ngapi na Kampemba ngapi? (Mwanafunzi wa sheria, Kampemba)

JIBU: Sheria ya 2008 imetaja vigezo vitatu: uwezo wa kuchangia, ukubwa wa eneo, na idadi ya watu. Haikusema kila kigezo kina uzito gani. Hilo limeachiwa edikti, yaani sheria ya jimbo inayopigiwa kura na Bunge la Jimbo. Hapo ndipo mapigano yote ya ugawaji yalipo, na inasikitisha kwamba watu wachache sana wanaiuliza hiyo edikti.

Tuseme kuna franka milioni 100 za kugawa kwa komini mbili. Ya kwanza ina asilimia 60 ya watu, asilimia 5 ya eneo na asilimia 70 ya makusanyo. Ya pili ina 40, 95 na 30. Vigezo vikipewa uzito sawa, ya kwanza inapata milioni 45 na ya pili 55. Edikti ikiweka watu 60 kwa mia, eneo 10 na makusanyo 30, ya kwanza inapanda hadi milioni 57 na nusu, ya pili inashuka hadi 42 na nusu. Hakuna aliyeiba, hakuna mtu aliyehama, eneo ni lilelile. Uzito umebadilika tu, na milioni 12 na nusu zimevuka barabara.

Pasipo edikti, au ikiwepo bila kufuatwa, mgao unabaki mikononi mwa anayetia sahihi. Mwezi huu sawa kwa sawa, mwezi ujao kwa anayepiga hodi sana.

Kigezo cha uwezo wa kuchangia kinahitaji jicho kali. Kinawatia moyo wakusanyaji wazuri, ndiyo, lakini kinampa zaidi aliye nacho tayari. Komini yenye maduka makubwa na maghala hukusanya bila jasho. Komini ya nyumba za kupanga na mabanda haiwezi. Mfuko wa Kusawazisha ulikusudiwa kuziba pengo hilo kati ya majimbo na hata kati ya komini. Uliandikwa mwaka 2006, na sheria ya kuuendesha ikaja 2016, miaka kumi baadaye.

SWALI: Mji ni mmoja. Kwa nini komini zenye mgodi zipate pesa ya madini na sisi Kamalondo tusipate? Na hiyo pesa inahesabiwaje? (Mwalimu, Kamalondo)

JIBU: Kwa sababu mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni juu ya madini inayouza, ambao ofisini wanauita redevansi, unafuata shimo lilipo. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, kifungu cha 242, inaugawa hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambamo uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Tofauti kubwa na retrosesioni ni kwamba 15 hiyo kampuni inailipa moja kwa moja katika akaunti ya komini husika. Haipandi Kinshasa wala haipiti kwa gavana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua thamani ya biashara ya mzigo unaotoka mgodini au kiwandani kwenda kuuzwa. Tangu 2018 ni thamani ghafi, haipunguzwi nauli wala bima. Zamani gharama hizo zilitolewa kwanza, na kiwango cha shaba kilikuwa asilimia 2. Sasa shaba ni asilimia 3.5. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya mkakati mwishoni mwa 2018, nayo hulipa asilimia 10. Mzigo wa shaba wa dola milioni 10 unazaa mrabaha wa dola 350,000: serikali kuu 175,000, jimbo 87,500, komini 52,500, vizazi vijavyo 35,000. Mzigo wa kobalti wa thamani ileile unaiachia komini dola 150,000.

Mwalimu, usiwaonee wivu sana. Mrabaha unadaiwa mzigo unapotoka, usipotoka, hakuna. Februari 2025 Serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne, ikaongeza miezi mitatu, kisha tangu Oktoba ikaweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vivyo hivyo 2027. Kwa nchi, lengo lilikuwa kuinua bei iliyokuwa imeanguka. Kwa komini iliyotegemea kobalti, ni miezi na miezi ya akaunti kavu, tena bila mtu kuiuliza.

Ugomvi mwingine unatokana na ramani. Mji ni chombo chenye haki ya kisheria, na komini iliyo ndani yake pia, juu ya ardhi ileile. Wote wawili wanaweza kunyoosha mkono kwa 15 moja. Mgodi ukikanyaga komini moja na sheferi ya jirani, wanakuwa watatu. Komini isiyopeleka mapema barua rasmi yenye namba ya akaunti yake huikuta pesa imelipwa kwa mwenzake, na kuirudisha ni kazi ya miaka.

SWALI: Huku Kaponda shefu wa grupema (kundi la vijiji) anasema 15 ni ya grupema. Kampuni inasema imeshalipa 0.3. Tumuamini nani? (Msomaji, teritwari ya Kipushi)

JIBU: Wote wawili wanachanganya mambo. Grupema, kijiji na kartie (mtaa) hazina haki ya kisheria ya kujitegemea, hata teritwari yenyewe, lile eneo kubwa lenye sekta na sheferi ndani yake, haina. Katika vijijini ni sekta na sheferi tu zinazopokea 15.

Asilimia 0.3 ni kitu kingine: ni sehemu ya mauzo yote ya mwaka ambayo kampuni inaitenga kwa miradi ya jamii zinazoathiriwa na mgodi, chini ya chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii. Kipo pia kitabu cha makubaliano, kaidesharji, ambamo kampuni inaahidi kwa maandishi shule, maji au zahanati. Malipo matatu, milango mitatu. Moja halifuti jingine, na kampuni inayosema zahanati ya kaidesharji ndiyo mrabaha wa sheferi inapaswa kurekebishwa siku hiyohiyo, kwa barua.

SWALI: Mimi ni diwani wa komini, nilichaguliwa Desemba 2023. Kila nikiuliza, burugumestre (mkuu wa komini) anasema hakijaingia kitu. Nianzie wapi? (Diwani, Lubumbashi)

JIBU: Mheshimiwa, anzia ndani ya baraza lako kabla ya kwenda kwa gavana. Omba bajeti iliyopitishwa, na mbele ya kila mstari wa mapato omba kilichoingia kweli, mwezi kwa mwezi. Omba orodha ya akaunti zote zilizofunguliwa kwa jina la komini, pamoja na taarifa ya benki ya kila moja. Akaunti yenye jina la mtu, hata awe burugumestre, si akaunti ya komini. Hakikisha anayeamuru malipo na anayeshika pesa ni watu wawili. Sheria ya fedha za umma ya 13 Julai 2011 inawatenganisha.

Halafu baraza liandike kwa gavana kuomba mambo mawili tu: kiasi kilichopokelewa kutoka Kinshasa kila mwezi, na mchanganuo wa mgao kwa kila komini. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri ni kama hukuandika.

Kwa mrabaha, fungua daftari. Kila mzigo uwe na tarehe, tani, kiwango cha madini ndani yake, bei iliyotumika, mrabaha wote, ile 15, na hati ya benki. Ikilipwa kwa franka, andika pia bei ya dola ya siku ile, kwa sababu hapo tofauti hujificha. Linganisha na takwimu za Divisheni ya Madini, na ripoti ya ITIE, mpango wa uwazi wa sekta ya madini, ambayo hutangaza malipo ya kampuni. Ripoti hizo huchelewa, hivyo linganisha mwaka na mwaka wake. Ukiona pengo, usitamke wizi bado. Angalia kwanza kama mzigo wa Desemba ulilipwa Januari, na kama pesa ilitumwa katika akaunti ya zamani. Pengo likibaki, Mahakama ya Hesabu ina mamlaka juu ya hesabu za komini kwa kifungu cha 180 cha Katiba.

Na bajeti ijayo, kataa jambo moja. Komini nyingi huandika retrosesioni yote inayodaiwa kana kwamba imekwisha kuingia, kisha huajiri watu kwa matumaini hayo; kufikia Aprili hakuna mshahara. Chukua wastani wa kilichoingia kweli katika miaka mitatu iliyopita, uandike huo. Mishahara na karatasi za ofisi zilipwe na takse za kila mwezi. Mrabaha usiulipe mshahara hata wa mlinzi: Kanuni ya Madini ya 2002 tayari iliielekeza pesa hiyo kwenye miundombinu ya msingi ya jamii, na mfereji uliojengwa wakati kobalti inatoka utabaki palepale mwezi ambao haitoki.