Kabla hujalipia hoteli ya bichi Zanzibar, angalia mwezi wa angani kwanza

Jamani naona watu wanauliza tu hoteli ipi nzuri, chumba bei gani, feri inaondoka saa ngapi, hakuna anayeuliza maji yanajaa saa ngapi, na hapo ndo wengi wanaumia.

Mara ya kwanza tulienda Jambiani mimi na mdogo wangu, tumejinyima miezi kibao. Tunafika jioni maji yamejaa mpaka kwenye ngazi za hoteli, tukasema kesho tunaamkia humo. Kesho yake saa nne asubuhi tunatoka na taulo, bahari haipo! Mchanga mtupu, vidimbwi, vijiti vya mashamba ya mwani, maji yenyewe ni kamstari keupe kule mbali kwenye mwamba. Kumbe ilikuwa mwezi mpevu, ndo bamvua yenyewe, yaani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, na sisi watu wa bara nani angetuambia.

Tukaamua kuyafuata kwa miguu. Hili naomba mnisikilize vizuri maana tungeweza kuzama: maji yakirudi hayaji kwa mbele ukayaona, yanaanza kujaa kwenye mikondo nyuma yako, wewe bado unapiga picha za konokono. Mama mmoja wa mwani ndo alitupigia kelele, "Wanangu rudini, maji yanaingia!" Tulipogeuka, pale tulipopita yakiwa kwenye kifundo tukavuka yako mapajani, simu juu ya kichwa, mdogo wangu analia. Mungu ambariki yule mama.

Kwa hiyo ukienda upande wa mashariki, Paje, Jambiani, kule kote, jua kwamba siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanakupwa sana, asubuhi ya saa nne hivi hamna kuogelea, subiri saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukitaka kuogelea muda wowote nenda Nungwi au Kendwa, kule hayaendi mbali hivyo. Na vaa yeboyebo, kwenye miamba kuna wale wadudu weusi wa baharini wa miiba mirefu, ukikanyaga umekwisha.

Mwaka uliofuata tulirudi Jambiani palepale ila siku za mwezi nusu, maji mafu, yaani yasiyokupwa sana, saa nne asubuhi bahari ipo mlangoni, mdogo wangu alikaa mle mpaka vidole vikajikunja.