Mwalimu wa Kihispania anajibu: regadera ya msimamizi na bomba lenye C

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeanza kazi ya usafi hotelini huko Hispania. Majina ya vitu vya bafuni niliyakariri kwenye programu ya simu, lakini jana nilimwambia msimamizi kwamba regadera ya chumba cha juu haitoi maji, akacheka mpaka akakaa chini. Nimefundishwa uongo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukudanganywa, ila ulichojifunza ni Kihispania cha Meksiko. Kule regadera ndilo bomba la mvua la kuogea. Hispania ni kile chombo cha kumwagilia maua, chenye mdomo wa vitundu. Sasa jiulize msimamizi alisikia nini! Hapo ulipo, sema ducha, utamke kama Kiswahili tu.

Bomba la sinki nalo limezidi kwa majina. Hispania ni grifo, Meksiko ni llave (hilohilo la ufunguo), Ajentina canilla, Peru caño. Shika grifo, hayo mengine yasikilize tu wageni wanapoyataja. Sinki la kunawia ni lavabo. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini husema lavamanos, yaani "osha mikono", na mimi kwa siri nalipenda hilo zaidi. Hodhi la kuogea ni bañera. Hiyo ñ isikutishe, ni "ny" yetu ya nyanya.

Choo cha kukalia ni inodoro, maana yake "kisicho na harufu". Wewe unayekisugua kila asubuhi ndiye wa kusema kama jina linakifaa. Wahispania wengi husema pia váter, na v yao husikika kama b, kwa hiyo ukisikia "bater" usiende kutafuta bata. Kuvuta maji chooni ni tirar de la cadena, kuvuta mnyororo, hata kama siku hizi kilichopo ni kitufe.

Na kabla hujaungua kama mimi: usiku wangu wa kwanza Madrid nilikuta mabomba mawili, moja lina C, jingine F. Kwa Kiingereza changu cha shule, C nikaifanya ya baridi. Nikaifungua yote, nikaweka mikono, nikasubiri. Maji yalianza vuguvugu, kisha yakaja ya kuchemka, nikaruka na sabuni yangu. C ni caliente, maji ya moto. F ndiyo fría, baridi.

SWALI: Kwa nini wanasema el agua fría? El si ya kiume, na fría ya kike?

JIBU: Agua ni ya kike. Inachukua el kwa sababu inaanza na a yenye mkazo, na la agua ingegonganisha a mbili. Kwenye wingi hakuna mgongano, ndiyo maana utasikia las aguas.